Bima ya afya kwa wafanyakazi wa biashara ndogo Tanga: namna ya kuupata unafuu wa kodi ambao tayari upo

Kwenye karakana na maduka mengi ya Ngamiani, Makorora na Mabawa, fundi akiugua mambo huenda hivi: anaomba adivansi, tajiri anatoa elfu thelathini mfukoni, inaandikwa kwenye daftari kama deni, na mwisho wa mwezi nusu yake inasamehewa. Hela imetoka. Lakini mbele ya TRA (Mamlaka ya Mapato) haikutoka, kwa sababu haina risiti, haina jina la hospitali, wala haimo kwenye hesabu za biashara. Mwaka ukiisha, tajiri ametibia watu bila kuwa na bima, na kodi amelipa kana kwamba hakutibia mtu.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara ya watu wawili hadi ishirini hivi, awe Tanga mjini, Pongwe, Muheza au Pangani, anayetaka kuwakatia wafanyakazi wake bima na kuhakikisha kila shilingi anayolipa inatambuliwa kwenye kodi.

Tuliseme hili mapema ili mtu asije akadanganywa na wakala: hapa kwetu hakuna ruzuku ya kodi iliyotengwa kwa ajili ya biashara ndogo inayokatia watu wake bima. Kilichopo ni vitu viwili ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 (Sura ya 332). Kifungu cha 11 kinaruhusu gharama iliyotumika yote kwa ajili ya kuzalisha kipato cha biashara, na kwa ajili hiyo pekee, kutolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Bima ya mfanyakazi ni gharama ya aina hiyo, sawa na mshahara wake. Kifungu cha 7 nacho kinaitoa huduma ya matibabu, malipo ya matibabu na malipo ya bima ya matibabu kwenye kipato cha ajira cha mfanyakazi, ila kwa masharti mawili: iwe ya mfanyakazi mwenyewe, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne, na mwajiri aitoe bila ubaguzi kati ya wafanyakazi wake.

Unafuu ni huo. Mwajiri anaitoa kwenye faida, na mfanyakazi haikatwi PAYE, yaani kodi ya mshahara. Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, lakini ni wa kweli, na wengi wanaupoteza kwa sababu ya namna wanavyolipa.

Hatua ya 1: Jua unatozwa kodi kwa mtindo gani

Usianze kutafuta kampuni ya bima kabla hujalijibu hili, kwa sababu ndilo linaloamua kama utapata chochote.

Mfanyabiashara mmoja mmoja ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 kwa kawaida hutozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo ghafi. TRA inachukua mauzo yako, inayaweka kwenye jedwali, kodi inatoka. Haiulizi umelipa mishahara kiasi gani, pango kiasi gani, wala bima kiasi gani. Kwa hiyo ukiwa kwenye mtindo huu, bima unayowakatia mafundi haipunguzi kodi yako hata senti. Unafuu wa kifungu cha 11 haukufikii. Wa kifungu cha 7, ule wa mfanyakazi, unabaki.

Sheria inampa mtu huyu ruhusa ya kujitoa kwenye makadirio ya mauzo na kuchagua kutozwa kwa faida, yaani mauzo ukitoa gharama. Kampuni yenyewe haina cha kuchagua: inatozwa kwa faida, kiwango cha kawaida asilimia 30.

Tuchukue karakana ya kuchomelea mageti yenye mafundi wanne, kila mmoja mshahara wa 400,000 kwa mwezi. Mauzo ya mwaka ni milioni 90, na faida baada ya gharama zote isipokuwa bima ni milioni 11. Bima tuipe bei ya mfano ya 60,000 kwa fundi kwa mwezi, hivyo 2,880,000 kwa mwaka kwa wote wanne. Mwenye karakana ni mtu binafsi, si kampuni.

Viwango vya mtu binafsi mkazi kwa mwaka ni hivi: 3,240,000 za mwanzo hazitozwi, kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8, hadi 9,120,000 ni asilimia 20, hadi 12,000,000 ni asilimia 25, zaidi ya hapo ni asilimia 30.

Bila bima, kodi ya faida ya 11,000,000 ni 1,286,000. Akikata bima, faida inashuka hadi 8,120,000 na kodi inakuwa 616,000. Tofauti ni 670,000. Bima ya 2,880,000 imemgharimu 2,210,000 kwa hakika. Ingekuwa kampuni yenye faida ya kutosha, ingepungukiwa kodi ya 864,000, yaani asilimia 30 ya bima. Na angebaki kwenye makadirio ya mauzo, tofauti ingekuwa sifuri.

Je, ajitoe kwenye makadirio? Apime mambo matatu. La kwanza ni ada ya mhasibu: akitaka 500,000 kwa mwaka, kati ya zile 670,000 zinabaki 170,000. La pili ni kodi yenyewe kwa jumla. Biashara yenye mauzo makubwa na faida nyembamba, kama duka la jumla la unga na sukari, mara nyingi hulipa kodi kubwa zaidi ikitozwa kwa mauzo kuliko ikitozwa kwa faida, na hapo kuhama kunalipa hata kabla ya bima. La tatu, na ndilo linalowaangusha wengi, ni risiti za manunuzi. Ukiomba kutozwa kwa faida halafu vyuma vyako unanunua bila risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), afisa atazikataa gharama hizo, faida itavimba kwenye karatasi, na kodi itakuwa kubwa kuliko ile uliyoikimbia. Kama manunuzi yako mengi bado hayana risiti, tumia mwaka mzima kuyanyoosha kwanza, ndipo uhame.

Kuhama kunataka barua kwa meneja wa TRA wa mkoa, ukieleza kwamba unachagua kutozwa kwa hesabu za biashara kwa mwaka unaoutaja. Ipeleke mwanzoni mwa mwaka kabla makadirio hayajafanyika, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 2: Linganisha na kuongeza mshahara

Mafundi wengine watasema, "Bosi, hiyo elfu sitini tupe mkononi, bima tutajua wenyewe." Ombi hili lijibiwe kwa hesabu, na kwa heshima, maana ni la haki.

Fundi wa 400,000 anakatwa NSSF (hifadhi ya jamii) asilimia 10, yaani 40,000. Zinabaki 360,000 za kukokotolea PAYE. Ya kwanza 270,000 haitozwi, 90,000 zinazozidi zinatozwa asilimia 8, sawa na 7,200. Mkononi anapata 352,800. Kwako anagharimu 400,000, na NSSF ya mwajiri 40,000, na mchango wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) wa asilimia 0.5 ambao ni 2,000. Jumla 442,000.

Ukimwongezea 60,000 kwenye mshahara, NSSF yake inakuwa 46,000, PAYE 11,520, na mkononi 402,480. Ameongezeka 49,680. Kwako sasa anagharimu 508,300, umeongeza 66,300. Tusiwe waongo: katika zile zilizokatwa, 12,000 zimeingia NSSF na ni akiba yake. Lakini 49,680 ndizo zitakazobaki kwenda kununua bima ya mtu mmoja mmoja, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko ya kikundi, na ina masharti magumu zaidi kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu.

Ukilipa 60,000 hizohizo moja kwa moja kwa mtoa bima, zote sitini zinanunua matibabu, na wewe umetumia sitini. Kwa mwajiri mwenye watu 10 au zaidi, tofauti inakua, kwa sababu nyongeza ya mshahara inaongeza pia tozo ya ujuzi, SDL.

Kwa mfanyakazi wa mshahara chini ya 270,000 hoja ya PAYE haipo, kwani hakatwi. Kwake faida ni bei ya kikundi na uhakika wa kutibiwa. Mwambie hivyo hivyo.

Kitu kimoja usithubutu: kupunguza mshahara uliomo kwenye mkataba ili upate hela ya bima. Makato kwenye mshahara yanahitaji sheria au ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi, na kima cha chini hakiguswi. Njia safi ni kuiingiza bima pale mnapozungumzia nyongeza ya mwaka: badala ya nyongeza yote kuwa fedha, sehemu yake iwe bima.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kulipia

Ya kwanza kuulizia ni NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mchango wa mwajiriwa hukokotolewa kwa asilimia 6 ya mshahara, mwajiri 3 na mwajiriwa 3. Kwa fundi wa 400,000 ni 24,000 kwa mwezi, kila upande 12,000. Mchango ni uleule awe kapera au na mke na watoto, kwa hiyo kwa karakana yenye watu wenye familia ni vigumu kupata kilicho nafuu zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inamgusa mwajiri wa sekta binafsi moja kwa moja, ikimtaka awasajili wafanyakazi wake na kuwachangia. Anayedhani bima ya wafanyakazi bado ni hisani asome sheria hiyo kabla ya kupanga bajeti ya mwaka. Nenda ofisi ya NHIF ya mkoa na TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, orodha ya wafanyakazi yenye namba za NIDA, mikataba yao, na karatasi ya mishahara ya miezi ya karibuni. Uliza waziwazi idadi ya chini ya wanachama na mchango wa chini.

Bima ya kikundi ya kampuni binafsi ndiyo yenye maneno mengi. Hakikisha kwanza kampuni na wakala wake wamesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kisha kabla ya kuangalia bei, omba orodha ya hospitali na maduka ya dawa wanayofanya nayo kazi ndani ya Tanga. Orodha ndefu ya hospitali za Dar es Salaam haimsaidii mpishi wa mikate wa Makorora saa nane usiku. Wapigie watoa huduma watatu waliomo kwenye orodha, uwaulize dirisha la bima kama kadi hiyo inapokelewa leo, si mwaka jana. Soma kikomo cha wagonjwa wa nje kwa mwaka, kikomo cha kulazwa, muda wa kusubiri kwa uzazi, na wanavyoshughulikia kisukari na presha alizokuwa nazo mtu kabla ya kujiunga. Palipo na kipengele cha mgonjwa kuchangia kila anapohudhuria, kipigie hesabu: elfu tano kwa kila ziara ni nyingi kwa mwenye mtoto mchanga.

Kama ninyi ni wachache mno kwa kampuni kuwakubali, unganeni na jirani: karakana tatu za mtaa mmoja, au wanachama wa chama chenu cha wafanyabiashara. Hapa kuna mtego wa kodi. Chama kikilipa kwa jina lake na wewe ukampa mweka hazina fedha taslimu, huna ushahidi wa gharama. Dai kila biashara itolewe ankara na risiti yake, kwa jina lake na TIN yake, ikiwa na idadi ya watu wake.

CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii) imekuwa ya 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, ikitumika kuanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa, ambayo kwetu ni Bombo. Kwa kiwango hicho kaya nne ni 120,000 kwa mwaka. Ulizia kata au kituo cha afya kitita cha sasa na bei yake kabla ya kutoa hela. Kitita cha namna hii ni kidogo, na anayekiuka utaratibu wa rufaa hulipa mwenyewe, lakini kwa biashara inayoanza ni bora mara kumi kuliko adivansi za kwenye daftari.

Njia ya nne wengi hawaifikirii: kulipia matibabu yenyewe. Kifungu cha 7 hakitaji bima tu. Kinataja pia malipo ya huduma ya matibabu. Unaweza kuweka kwenye sera kwamba biashara itamlipia kila mfanyakazi na familia yake matibabu hadi, tuseme, 250,000 kwa mwaka, ukilipa hospitali moja kwa moja au ukirudisha kwa risiti. Ikiwa kwa wote na ina risiti, inaingia kwenye gharama zako na haikatwi PAYE. Ila ukigawa 250,000 taslimu kila Januari na kuiita "posho ya matibabu", huo ni mshahara, na utozwe kama mshahara. Udhaifu wa njia hii unajulikana: ajali moja kubwa inazimaliza zote. Itumie kuziba pengo la kitita kidogo, au kama mwanzo wa mwaka mmoja.

Hatua ya 4: Andika sera ya ukurasa mmoja

Neno "bila ubaguzi" halithibitishwi kwa mdomo. Andika, kila mfanyakazi asaini, ibandikwe ofisini. Maneno yafuatayo yanatosha, badilisha majina na namba:

"Biashara itamlipia kila mfanyakazi aliyemaliza muda wa majaribio bima ya afya ya kitita kimoja, yeye, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne. Malipo yatafanywa na biashara moja kwa moja kwa mtoa bima. Mfanyakazi hatapewa fedha badala ya bima. Mtegemezi mwingine ataongezwa kwa ombi la maandishi, na gharama yake itaingizwa kwenye kipato cha mfanyakazi. Ajira ikikoma, kadi itarudishwa na jina litaondolewa mwezi huohuo."

Kitita kimoja kwa wote ndicho kilicho salama. Ukimpa mke wako anayeshika keshia kitita cha juu na mafundi usiwape kitu, msamaha unapotea kwa huyo aliyepewa, thamani ya bima yake inageuka kipato cha kutozwa, na PAYE ambayo hukukata itadaiwa kwako pamoja na riba. Mambo ya aina hii huonekana siku ya ukaguzi, maana mkaguzi huweka orodha ya bima kando ya karatasi ya mishahara na kupitisha kalamu jina kwa jina.

Na mwenyewe? Mfanyabiashara binafsi si mwajiriwa wake mwenyewe. Bima yake na ya nyumbani kwake ni matumizi binafsi, haitolewi kwenye faida. Kama ankara ni moja, mwombe mtoa bima aitenganishe: mstari wa wafanyakazi na mstari wa mwenye mali. Ukiwa na kampuni na wewe ni mkurugenzi unayelipwa mshahara wenye PAYE, unaingia kwenye sera kama mfanyakazi mwingine yeyote, kwa kitita kilekile.

Hatua ya 5: Karatasi ya mishahara

Hapa ndipo kazi ya mwezi kwa mwezi ilipo. Mtoto wa tano, mama mzazi au mdogo wake mfanyakazi wakilipiwa na biashara kwa bei ya ziada, hiyo ziada iko nje ya msamaha. Tuseme fundi wa 400,000 anaomba mama yake aingizwe, na nyongeza ni 240,000 kwa mwaka. Kila mwezi unaongeza 20,000 kwenye kipato chake cha kukokotolea kodi: 360,000 inakuwa 380,000, na PAYE inatoka 7,200 hadi 8,800. Ni 1,600 tu, na mama anatibiwa. Tatizo ni kuisahau kwa miaka mitatu kwa watu wanane.

Mfanyakazi anapochangia sehemu ya bima kutoka kwenye mshahara wake, kama ile asilimia 3, sehemu hiyo hutoka baada ya PAYE; mchango wa hifadhi ya jamii ndio unaotolewa kabla ya kukokotoa. Kwa hiyo shilingi ya bima inayolipwa na mwajiri inafika mbali kuliko shilingi ileile ikipitia mshahara. Kama biashara inamudu, chukua sehemu yote, na uiseme waziwazi mnapojadili nyongeza.

Kwenye slipu ya mshahara weka mstari wa maelezo: "Bima ya afya imelipwa na mwajiri: 60,000." Haiingii kwenye jumla ya mshahara. Iko pale ili mfanyakazi aone anachopata, na mkaguzi aone hujaficha kitu. PAYE inawasilishwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Hatua ya 6: Lipa kwa njia inayoacha alama

Lipa kutoka akaunti ya biashara au namba ya simu ya biashara, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo uliyopewa. Usimpe wakala fedha mkononi, hata kama ni jirani yenu wa Chumbageni na mnasali pamoja. Faili la bima liwe na vitu hivi: mkataba wa bima, orodha ya waliokatiwa, ankara, risiti, uthibitisho wa benki au simu, na sera yenye saini. Yote yakae miaka 5, maana ndiyo muda sheria inaotaka kumbukumbu zihifadhiwe.

Kwa bima za kampuni binafsi, bima haianzi hadi ada ilipwe. Ukichelewa kulipa awamu ya robo mwaka, kadi zinafungwa, na utalijua hilo kutoka kwa fundi aliyesimama dirishani na mtoto mwenye homa. Panga awamu zako ziangukie miezi ambayo biashara ina hela. Muuza samaki wa Deep Sea na mwenye nyumba ya wageni ya Raskazone hawana msimu mmoja.

Hatua ya 7: Mwaka wa kodi na makadirio ya awamu

Ikiwa mwaka wako wa hesabu ni Januari hadi Desemba, makadirio ya kodi ya mwaka (si yale ya mauzo ya Hatua ya 1) yanapelekwa kufikia 31 Machi, na kodi inalipwa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, inapelekwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Usisubiri ritani ndipo ukumbuke bima. Kwa karakana yetu, 670,000 zikigawanywa kwa nne ni 167,500 kwa kila awamu. Ukiiweka bima kwenye makadirio ya Machi, kila robo mwaka unabaki na kiasi hicho mkononi, na kinalipia karibu robo ya awamu ya bima ya 720,000. Ukianza bima katikati ya mwaka, rekebisha makadirio, sheria inaruhusu.

Angalia pia kipindi cha bima. Kampuni iliyolipa 2,880,000 kwa mkataba wa 1 Oktoba hadi 30 Septemba haiwezi kuzitoa zote mwaka huo wa kwanza. Miezi mitatu ni 720,000. Zilizobaki 2,160,000 ni za mwaka unaofuata. Wahasibu wachanga hukosea hapa mara kwa mara, na marekebisho yake huja na riba. Njia rahisi ni kuomba mkataba uanze 1 Januari, hata kama wa kwanza utakuwa mfupi.

Mwaka wa hasara, bima haitakuletea nafuu ya kodi papo hapo, kwani hakuna kodi ya kupunguza. Inaongeza hasara inayobebwa kwenda miaka ijayo, ilimradi hesabu zipo na ritani imepelekwa.

Ajali kazini si kazi ya bima ya afya

Fundi akichomwa na mwale wa kuchomelea au akikatwa na grainda akiwa kazini, hiyo ni ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao kila mwajiri anatakiwa kujisajili. Waajiri wengi huipeleka kwenye kadi ya bima kwa haraka ya kumtibia. Mtoa bima akigundua ameumia kazini anakataa dai, na WCF nao wanauliza kwa nini hawakuarifiwa. Mtibu kwanza mgonjwa, kisha toa taarifa WCF mara moja kwa fomu zao. Kikomo cha bima yake kibaki kwa malaria na uzazi.

La kudai kwenye bajeti

Mwenye mauzo ya milioni 40, aliye kwenye makadirio ya mauzo, ndiye mwenye shida kubwa ya kumudu bima, na ndiye pekee ambaye sheria haimpunguzii kodi. Pengo hilo linarekebishika bila kuvuruga mfumo. Kenya mtu aliyelipa bima ya afya amekuwa akipunguziwa kodi yenyewe, asilimia 15 ya malipo ya bima, isiyozidi shilingi 60,000 za Kenya kwa mwaka. Marekani, sheria ya mwaka 2010 ilimpa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 25, anayelipa angalau nusu ya bima yao, punguzo la kodi la hadi asilimia 50 ya alicholipa, kwa miaka miwili mfululizo. Vyote viwili hupunguza kodi moja kwa moja, si faida, na punguzo la namna hiyo linaweza kumfikia hata anayetozwa kwa mauzo.

Pendekezo la hapa liwe fupi: mlipakodi wa makadirio ya mauzo aruhusiwe kupunguza kwenye kodi yake sehemu ya bima aliyowalipia wafanyakazi waliosajiliwa NSSF, kwa risiti, kwa kikomo kinachotajwa. Kipengele cha NSSF ni muhimu, kwa sababu kinaipa serikali michango mipya badala ya kuipotezea tu mapato. Maoni ya bajeti inayosomwa Juni huandaliwa tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na njia iliyo karibu ni ofisi ya TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) ya mkoa. Peleka na jedwali la biashara yako: mauzo, idadi ya watu, bima uliyolipa, kodi uliyolipa, na kodi ambayo ungelipa kama pendekezo lingekuwepo.